Sauti ya Kiti cha Kwanza

Siku Gakii alipopewa kiti cha kwanza, watu wa kanisa lao kule Dallas walimpigia makofi kama bibi harusi. Mchungaji alimsimamisha mbele, akamwekea mkono kichwani, akamwombea yeye, akaiombea kesi, na mwishoni akaliombea hata koti jipya alilokuwa amevaa. Wengi wa waumini walikuwa wauguzi, na miaka yote walikuwa wakimuuliza kwa upole wa kuudhi ni lini ataacha kuhangaika na sheria akasomee uuguzi kama wenzake. Siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Kiti cha kwanza, kwa asiyejua, ni kile anachokaa wakili anayeongoza kesi. Yeye ndiye husimama, ndiye huhoji mashahidi, ndiye jaji humtazama. Wa kiti cha pili hugeuza kurasa. Nyuma yao wapo wengine ambao kazi yao ni kubeba maboksi na kuonekana. Gakii alikuwa amebeba maboksi ya ofisi ile tangu kabla hajaota mvi. Kwenye tovuti ya ofisi alikuwa katika kila picha, tena katikati kabisa, akitabasamu. Lakini ndani ya mahakama hakuwahi kufungua mdomo. Hata "ndiyo, mheshimiwa" hakuwahi kuisema.

Ndipo ukaja Mfuko. Huko Marekani kuna kampuni zinazogharimia kesi za watu: mdai hana kitu, wakili wake hana kitu, kampuni inatoa pesa, kesi ikishinda inachukua fungu lake, ikishindwa inakula hasara. Mfuko huu ulikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyejisumbua kulitaja lote, na ulijitofautisha na wenzake kwa sharti moja: kiti cha kwanza lazima akikalie mtu wa namna ambayo kiti hicho hakijazoea. Mwanamke, mweusi, mhamiaji. Wakubwa wa ofisi walimtazama Gakii kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Fanny, mkuu wao, alimwita ofisini kwake, akamkalisha na kumtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Wanakutaka wewe," Fanny alisema. "Wamekutaja kwa jina."

Gakii hakuuliza walilijulia wapi jina lake. Alikuwa amesubiri mno, na mtu akishasubiri kiasi hicho huogopa swali lolote linaloweza kuwafanya watu wabadili mawazo.

Mfuko uliongea naye kupitia mtu mmoja aliyeitwa Mark. Kila asubuhi, Gakii akiwa kwenye foleni ya magari, Mark alimpigia. Alikuwa na sauti ya upole, isiyo na haraka, ya mtu aliyemaliza shughuli zake zote kabla ya kukupigia. "Nieleze ungeanzaje mbele ya jaji," alikuwa akisema. "Wewe ongea tu. Nakusikiliza." Naye Gakii aliongea. Alikuwa hajawahi kuambiwa maneno hayo na mtu yeyote mwenye kufunga tai. Alifanya mazoezi ya hotuba yake njia nzima, kwa hasira, kwa huzuni, kwa kunong'ona. Siku nyingine Mark alimwomba aseme kama atakavyosema na wateja wake, kwa Kiswahili; alidai haelewi hata neno lakini anapenda kuisikiliza lugha yenyewe. Gakii alicheka, akasema. Alimsimulia hata habari za mama yake kule Nkubu. Tuseme ukweli: alizipenda simu zile kuliko alivyopenda kitu kingine chochote mwaka ule.

Mara moja alitaka kuwashukuru ana kwa ana. Alitafuta anwani, akaendesha gari mpaka Irving mchana kweupe, akapanda lifti ya jengo la vioo. Mlango wa Mfuko ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyopanguswa, viti vilivyopangwa sawasawa, na maua mabichi kwenye chombo cha maji safi. Hapakuwa na mtu. Alipiga hodi, akapita chumba hadi chumba: meza, viti, maua. Hapakuwa na kikombe kilichonywewa, wala koti lililotundikwa, wala takataka katika pipa hata moja. Kisha simu ya mezani ikalia. Aliipokea bila kufikiri, na Mark akasema, "Karibu, Gakii. Nimefurahi umekuja." Gakii akamshukuru kupitia simu hiyohiyo, akiwa amesimama, kisha akashuka. Ndani ya gari alijiambia kwamba siku hizi watu wengi hufanyia kazi nyumbani.

Kesi yenyewe ilikuwa Houston. Katika majengo fulani ya kupangisha mtaa wa Sharpstown, mtambo wa kuchemshia maji ulivujisha gesi ya sumu isiyo na harufu, familia zikalala na baadhi ya watu wasiamke. Wapangaji walikuwa Watanzania, Wakongo na Waguatemala. Mzee Hemedi wa Tanga alikufa kitini, tasbihi mkononi. Kabla ya hapo alikuwa amempigia simu mwenye nyumba tena na tena, akilalamika kuwa mtambo unatoa masizi na kwamba watu wanaumwa vichwa, na kila mara aliambiwa fundi yuko njiani. Mjane wake, Bi Mwatumu, hakutaka jambo jingine ila moja. Alitaka asimame mbele ya mwenye nyumba yule, mahakamani, watu wakisikia, aseme mumewe alipiga simu akapuuzwa. Gakii alimwahidi kwamba atasimama.

Shughuli za Houston aliachiwa Wawira, binti wa Embu aliyemaliza shule ya sheria juzijuzi, ambaye sasa ndiye aliyebeba maboksi. Wawira aliwazungukia wateja, akakusanya maelezo, akamtumia Gakii ujumbe mrefu kila jioni. Gakii alimjibu kwa alama ya dole gumba. Hakuwa na dharau. Alikuwa na hotuba ya kufanyia mazoezi.

Jambo la kwanza kumshtua lilitokea Haltom City, upande wa Fort Worth. Huko ndiko alikokuwa amehamia Précieux, Mkongo ambaye binti yake aliokolewa kutoka majengo yale lakini mpaka leo husahau maneno katikati ya sentensi. Gakii alienda kumwona ili amtayarishe kwa ushahidi. Précieux alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Maître, karibu! Aksanti sana kwa kunitelefonia. Tangu tuliomba pamoja, roho yangu iko na paix, iko na amani."

"Tuliomba lini, ndugu yangu?"

"Juma iliyopita. Ulilia hata wewe. Kisha ulisema ni vizuri tukubali ile pesa ya mwenye nyumba, tusiende tribunal. Nami nimekubali, Maître. Nimekubali na moyo wote."

Gakii alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Hakuwa amempigia Précieux simu tangu msimu wa baridi. Hakujua kama kuna pesa iliyotajwa. Binti wa Précieux alimletea maji, akasema kwa Kiingereza, "You were nice on the phone. You asked me about my..." Neno likampotea, naye akabaki ameshika glasi.

Alipotoka, alimpigia Wawira akiwa bado kwenye maegesho.

"Wawira, ni wewe unawapigia wateja ukitumia jina langu?"

"Hapana, Wakili. Nilidhani ni wewe. Wote wanasema ni wewe."

"Wote?"

"Wote wamekubali settlement, isipokuwa Bi Mwatumu. Na bila yeye haiwezi kupita, ni lazima kila mtu akubali. Kwani hukupiga? Hukumpigia mtu yeyote?"

"Sikumpigia yeyote."

"Sawa," Wawira alisema, kwa sauti ndogo, akakata simu haraka kuliko kawaida yake.

Kesho yake Gakii aliendesha gari hadi Houston. Bi Mwatumu alimfungulia, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akacheka.

"Leo umekuja mwenyewe. Karibu. Habari yako mama," alisema, akimwigiza. "Mwanangu, tangu nikujue hujaniamkia hata siku moja. Unaingia, 'habari yako mama,' kompyuta hiyo, unafungua."

Gakii aliona haya. Alikulia Nkubu, na watu wa bara kule Kenya neno shikamoo hulisoma darasani wakaliacha hukohuko. Mara zote alikumbuka akiwa ameshatoka.

"Sasa yule anayenipigia ana adabu," Bi Mwatumu aliendelea, akimimina chai. "Shikamoo Bibi. Goti limeamkaje. Hitma ya mzee mmeshaisoma? Sauti ni yako tupu, hata kile kikohozi chako cha kabla ya kusema jambo zito. Lakini nikajisemea, Gakii wangu huyu? Aniulize goti? Hapana, bwana. Huyu si yeye."

"Alitaka nini?"

"Niseme nakubali. Neno hilo tu. Mimi humwacha aongee, nikichoka nakata."

Simu ya Bi Mwatumu ililia ikiwa mezani, kati ya birika na sahani ya vitumbua. Kwenye kioo paliandikwa Wakili Gakii. Simu ya Gakii mwenyewe ilikuwa kiganjani mwake, kimya. Bi Mwatumu alibonyeza, akaweka kipaza sauti, akakunja mikono.

"Shikamoo Bibi."

Gakii alihisi ngozi ya kichwa inavutika. Kila mtu akisikia sauti yake kwenye kanda huiona ngeni, lakini hii haikuwa ngeni. Ilikuwa ile anayoisikia ndani ya kichwa chake mwenyewe, na lafudhi ya Kimeru ikiwa palepale inapokuwa kila siku. Tofauti ilikuwa moja tu: huyu hakuwa na haraka. Alikuwa yeye, ila yeye aliyelala usingizi wa kutosha.

"Bibi, uko? Nilikuwa nakuwaza tangu asubuhi. Umekunywa dawa?"

"Nani anaongea?" Gakii aliuliza. Sauti ilimtoka ikiwa kavu, inakwaruza, haifanani hata kidogo na ile ya kwenye simu.

Nje, mtu alikuwa akipuliza majani kwa mashine.

"Bibi," sauti ikasema taratibu, "nani yuko hapo na wewe? Kuna mtu anaiga sauti yangu. Tafadhali usimsikilize. Wanazunguka kwa wazee, wanawadanganya. Mwambie atoke, kisha ufunge mlango."

Bi Mwatumu akageuka, akamtazama Gakii. Yalikuwa macho ya mtu anayekagua, na Gakii aliingiwa na hofu ya kitoto, hofu kwamba mwanamke huyu atamwambia atoke. Alitaka kujitetea akakosa la kusema, maana lolote ambalo angesema, yule wa kwenye simu angelisema vizuri zaidi. Bi Mwatumu alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono, akakibinya kwa kidole gumba kama anayechagua ndizi sokoni.

"Huyu ana mwili," akaiambia simu, akakata.

Kisha aliizima kabisa, akaifunga kwa kitambaa, akaizika ndani ya debe la unga. "Ikae humo," alisema. "Anayenitaka aje."

Gakii alimpigia Mark akiwa ndani ya gari. Alitarajia akane. Mark hakukana.

"Hakuna anayekudhuru, Gakii. Ulikuwa na wateja wengi na muda mchache. Nani alimuuliza Précieux binti yake analalaje? Si wewe."

"Ile ni sauti yangu, Mark."

"Ndiyo. Inafanya yale ambayo ungeyafanya kama ungekuwa na nafasi. Watu wako wanapumzika, wewe una kiti. Tuna viti vingi nchi hii, vyenye wanawake kama wewe. Ukisema jambo hili mahali, wakubwa wa kila ofisi watasema ndiyo hayo tuliyoyaogopa, na viti vyote vitarudi kwa wenyewe. Ndivyo unavyotaka?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliwaona wanawake wale asiowajua, kila mmoja na koti lake jipya, kila mmoja kwenye foleni asubuhi akiimwagia simu moyo wake.

"Mark," alisema, "na wewe ni nani?"

Mark alicheka. Gakii alikuwa amekisikia kicheko hicho asubuhi nyingi, na sasa tu ndipo alipotambua kwamba hakikuwahi kubadilika. Kilikuwa na pumzi ileile, urefu uleule, na kituo kilekile kidogo kabla ya kuisha. Alikata simu, akafungua madirisha yote ya gari.

Fanny naye hakumsaidia. Mfuko ulikuwa umeshampelekea kanda za mazungumzo, ili aone jinsi wateja wanavyotunzwa vizuri. Alimwekea Gakii moja, na sauti ikajaa ofisini, ikimfariji mtu kwa Kiswahili laini.

"Ni wewe," Fanny alisema.

"Si mimi."

"Gakii, tafadhali. Ni wewe. Mtu yeyote atasema ni wewe."

"Umewahi kunisikia nikizungumza lini?"

Fanny alifungua mdomo, akafikiri. Gakii alimwona akipekua miaka yote kichwani, vikao, kesi, karamu za mwisho wa mwaka, akitafuta mahali ambapo Gakii amesimama na kusema kitu. Uso wake ukabadilika. Katika kumbukumbu zote za mahakama za Texas hapakuwa na hata mstari mmoja wenye sauti ya Gakii. Mahali pekee ambapo sauti hiyo ilikuwa imehifadhiwa ni kwa Mfuko, na kama mtu angetaka kujua ipi ni ya kweli, angelazimika kuwauliza wao.

"Jumatatu tuna kikao mbele ya jaji," Gakii alisema. "Nitamwambia."

"Basi hutakuwepo Jumatatu," Fanny akajibu, bila hasira, na bila kumtazama.

Jumatatu asubuhi kadi yake haikufungua lango la jengo. Mlinzi, aliyemzoea, alisema pole. Wakati huohuo ujumbe wa ofisi uliingia kwenye simu yake kabla hawajakumbuka kumfungia: kwa heshima ya makubaliano na Mfuko, kiti cha kwanza sasa angekikalia Wakili Wawira, na mchana huo angemthibitishia jaji kwamba familia zote zimekubali.

Gakii alimpigia Wawira. Simu ilikuwa inatumika. Aliingia barabara kuu ya Houston, akapiga tena. Inatumika. Alipiga akipita malori karibu na Corsicana, akapiga tena kwenye misonobari ya Huntsville, na kila mara mlio ni uleule. Mtu alikuwa akizungumza na Wawira njia nzima, saa hadi saa, bila kuchoka, na Gakii alijua ni nani. Alijishtukia akiongea peke yake kwa sauti kubwa, akifanya mazoezi ya kusema "usikubali," kisha akanyamaza ghafla kwa kuogopa kwamba hata hapo anasikilizwa.

Alipitia Sharpstown. Bi Mwatumu hakufungua mpaka Gakii alipotoa mkono wake kwenye mwanya wa mlango, ukabinywa. Dakika chache baadaye walikuwa garini, Bi Mwatumu amevaa baibui ya sikukuu na mkongojo wake katikati ya magoti.

Walimkuta Wawira nje ya mahakama, kwenye ngazi. Alikuwa na koti jipya. Nalo lilimpendeza, Gakii aliliona hilo kwanza, akaumia. Wawira alikuwa na simu sikioni, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelekezwa njia.

"Wawira," Gakii aliita. "Usiingie. Bi Mwatumu hajakubali."

"Amekubali. Nimemsikia mwenyewe leo asubuhi, kwa simu. Na mkalimani alikuwepo." Ndipo alipomwona Bi Mwatumu, na goti lake bovu, akipanda ngazi moja moja. Sauti ikampungua. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu iko kwenye debe la unga tangu wiki iliyopita. Huyo uliyemsikia alikuwa nani?"

Wawira alikuwa ameishusha simu kifuani, na kwa bahati mbaya, au kwa kutaka, kidole chake kiligusa kipaza sauti.

"Wawira, mpenzi," sauti ya Gakii ikasema kutoka kifuani mwake, yenye joto, yenye subira. "Mbona umenyamaza? Umekula? Usiingie huko na njaa."

Watu waliokuwa wakipita kwenye ngazi hawakugeuka. Ilikuwa sauti ya kawaida tu ya mtu anayempenda mtu.

"Huyo si mimi," Gakii alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ya kwanza." Macho ya Wawira yalikuwa yamejaa. "Aliniuliza kama nimekula. Wewe hungeniuliza. Nimekubebea mafaili mwaka mzima, Wakili. Nime-drive mvua na jua, nimekaa na hawa watu wakilia, jioni nakuandikia yote, na wewe unanitumia kidole. Huyu alinipigia kila siku. Aliniambia naweza. Aliniuliza mamangu anaendeleaje na chemo ya kansa. Ulijua mamangu anapata chemo?"

Gakii hakujua.

"Basi," Wawira alisema. "Nilijua si wewe na nikaendelea kuongea naye. Nilikuwa nampenda."

Aibu ilimshika Gakii mwili mzima, nzito kuliko hofu yote aliyokuwa nayo njiani. Alikuwa ametaka kusikika kwa miaka mingi kiasi kwamba aliposikika hakugeuka nyuma hata mara moja kuona nani ameshika maboksi.

Bi Mwatumu alifika kwenye ngazi ya mwisho, akahema, akausimika mkongojo. "Mimi naingia," alisema. "Nitakaa mbele kabisa, mwenye nyumba anione. Jaji atauliza kama mjane wa Hemedi amekubali. Wewe mwenye kiti, utasema nini nami nimekaa pale?"

"Wawira," simu iliita. "Wawira, usimsikilize huyo aliye na wewe. Mimi niko hapa. Nimekuwa hapa siku zote."

Na hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo lililomliza Wawira. Alilia waziwazi, bila kujificha, kama anayeaga mtu kwenye uwanja wa ndege. Kisha akaitazama simu, akasema "Nisamehe," akakata. Alilivua koti jipya, akalikunja mkononi.

"Nitamwambia jaji kila kitu," alisema. "Halafu hiki kiti watakichukua."

"Watakichukua," Gakii alikubali.

"Sasa nani atanipigia?"

"Mimi. Mimi nitakupigia, Wawira. Kila siku."

Wawira alimtazama, akitaka kuamini, na simu ikaanza kuita tena mkononi mwake ikiwa na jina la Gakii kwenye kioo.

"Nitajuaje ni wewe?" akauliza.